Dorothy Eustis: mama aliyelea mbwa ili vipofu watembee peke yao

Kila siku, kwenye soko, kwenye mulango wa kanisa ao kando ya barabara kubwa ya muji, picha ni ile ile: mutoto wa miaka minane ao tisa anashika ncha moja ya fimbo, na nyuma yake mutu kipofu anashika ncha ingine. Mutoto ndiye macho. Kama mutoto ni mugonjwa, mukubwa hatoki nyumbani. Kama mutoto ameenda masomo, mukubwa anabaki kukaa. Na mara mingi mambo yanageuka: mukubwa anatoka, mutoto hasomi.

Shida hiyo haiko ya Goma, Bukavu ao Bunia peke yake. Karibu miaka 100 iliyopita, katika muji wa Nashville huko Marekani, kijana mumoja kipofu alikuwa analipa watoto wamuongoze ili aweze kufanya kazi yake. Siku moja alimuandikia barua mwanamuke tajiri ambaye hakuwahi kukutana naye, aliyeishi juu ya mulima katika inchi ya Uswisi pamoja na mbwa wake. Jina la ule mwanamuke ni Dorothy Harrison Eustis. Kutoka kwa ile barua kulizaliwa kazi ambayo mpaka leo inafanya familia nyingi za watu wa kawaida kulea mutoto wa mbwa kwa mwaka mumoja na zaidi, kumupenda, kisha kumutoa kwa mutu ambaye hawamujui.

Binti wa mutu wa sukari

Dorothy alizaliwa tarehe 30 mwezi wa tano 1886, katika muji wa Philadelphia, Marekani. Baba yake, Charles Custis Harrison, alitajirika kwa kiwanda cha sukari, na kisha akaongoza Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Dorothy alisoma Philadelphia, halafu wakamutuma Uingereza kuendelea na masomo. Ilionekana kwamba maisha yake yatakuwa ya mama tajiri: nyumba kubwa, wageni, na safari.

Mwaka wa 1906, akiwa na miaka 20, aliolewa na Walter Abbott Wood, mufanyabiashara aliyekuwa pia seneta katika jimbo la New York. Walizaa watoto wawili wanaume. Huko Hoosick Falls, bibi na bwana walifungua shamba la ngombe wa maziwa, na walifanya kazi pamoja na wataalamu wa kilimo wa serikali. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchagua: ngombe gani azalishwe na ngombe gani, ili kizazi kinachofuata kitoe maziwa mengi zaidi. Hapo Dorothy alijifunza jambo moja ambalo wafugaji wa Masisi ao wa Ituri wanalijua vizuri: uzuri wa pembe hauleti maziwa. Lazima kuangalia kazi ya munyama, si sura yake tu.

Pale nyumbani kulikuwa na mbwa mumoja wa kichungaji wa Ujerumani, ile aina inayoitwa berger. Jina lake Hans. Alikuwa na akili na utii ambao Dorothy hakuwahi kuona kwa mbwa mwingine. Akaanza kujiuliza ginsi watu walivyoharibu aina hii. Wafugaji wengi walikuwa wanatafuta mbwa wa maonyesho, wenye masikio mazuri na mugongo muzuri, na walisahau kichwa na moyo. Kama ngombe wanaweza kuchaguliwa kwa ajili ya maziwa, kwa nini mbwa wasichaguliwe kwa ajili ya akili?

Bwana yake alikufa mwaka wa 1915. Dorothy alibaki mujane akiwa hajafika miaka 30, na watoto wawili mikononi. Mwaka wa 1921 alihama Marekani, akaenda kukaa Uswisi. Mwaka wa 1923 aliolewa tena na George Eustis, lakini ndoa hiyo haikudumu. Ilivunjika mwaka wa 1928. Jina la Eustis ndilo lilibaki naye.

Mashamba ya Bahati

Nyumba yake ya Uswisi ilikuwa Mont Pèlerin, mulima ulio juu ya muji wa Vevey, kando ya Ziwa Léman. Aliiita Fortunate Fields, maana yake Mashamba ya Bahati. Hapo alianza kuzalisha mbwa kwa ile namna aliyojifunza kwa ngombe. Alimuita Elliott Humphrey, Mumarekani ambaye watu walizoea kumuita Jack. Huyu mbele alikuwa mufundishaji wa farasi, na kazi ya kusoma tabia ya nyama ilikuwa katika damu yake. Waliandika habari ya kila mbwa: wazazi wake, mwili wake, uoga wake, ukali wake, ginsi anavyojifunza. Mbwa asiyefaa kwa kazi hakuzalishwa, hata akiwa muzuri namna gani.

Matokeo hayakukawia. Mbwa wa Mont Pèlerin walianza kufanya kazi katika jeshi la Uswisi, katika polisi, na kwa watu wa duane kwenye mipaka. Dorothy angeweza kuishia hapo na kufurahi.

Lakini kulikuwa na kazi ingine. Vita ya kwanza ya dunia iliacha wanajeshi wengi wakiwa vipofu, na Ujerumani ndiyo ilianza kuwafundishia mbwa wa kuwaongoza. Masomo ya kwanza ya namna hiyo yalifunguliwa katika muji wa Oldenburg mwaka wa 1916. Kisha kukatokea ingine ya Potsdam, karibu na Berlin. Dorothy alikwenda kuitembelea. Aliona mutu kipofu, ambaye mbele alikuwa anatembea kwa kupapasa ukuta, akishika mukanda wa mbwa na kuanza kutembea kichwa juu, kwa mwendo wa mutu anayejua mahali anapokwenda. Hayo yalimugusa kuliko kazi yote aliyofanya na jeshi.

Gazeti moja kubwa la Marekani, The Saturday Evening Post, lilikuwa linangoja makala yake kuhusu mbwa. Badala ya kusifu mbwa wake mwenyewe, aliandika habari ya vipofu wa Potsdam. Makala yalitoka tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1927, na kichwa chake kilikuwa The Seeing Eye, yaani Jicho Linaloona. Maneno hayo yanatoka katika Biblia, kitabu cha Mezali, sura ya 20, mustari wa 12.

Barua ya Morris Frank

Kule Nashville, baba mumoja alimusomea kijana wake ile makala. Kijana aliitwa Morris Frank. Alikuwa na miaka 19. Jicho la kwanza lilipotea akiwa na miaka sita, juu ya farasi, alipogongwa na tawi la muti. La pili lilipotea akiwa na miaka 16, katika mupambano wa ngumi. Mama yake pia alikuwa kipofu. Morris alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na alikuwa anauzisha asiransi, ile kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kusadikisha watu walipe kidogo kidogo ili siku ya hatari wasaidiwe. Lakini namna gani kuzunguka bila macho? Alikuwa analipa watoto, na watoto wengine walichoka, ao walimuacha pahali.

Morris alimuandikia Dorothy bila kuzunguka-zunguka. Alimuuliza kama habari ile ni ya kweli. Kama ni ya kweli, alitaka mbwa wa namna hiyo, na si kwa ajili yake tu: alisema Marekani kuna maelfu ya vipofu wanaochoka kutegemea wengine, na kama akifundishwa, atarudi kuwaonyesha kwamba inawezekana.

Dorothy hakuwa na masomo ya vipofu. Mbwa wake walikuwa wa polisi na wa duane. Angeweza kujibu kwa heshima na kufunga mambo. Badala yake alimupigia simu, kutoka upande mwingine wa bahari, akamuuliza kama yuko tayari kuja Uswisi. Morris alikubali pale pale.

Safari yenyewe, mwaka wa 1928, ilimuonyesha kijana kwa nini alihitaji mbwa. Kampuni moja ya kusafirisha vitu ilimupokea sawa vile furushi. Kwenye meli walimufungia katika chumba chake, wakamutoa wakati wa kula na wakati wa kupata hewa, kisha wakamurudisha. Alifika Uswisi sawa vile muzigo uliotiwa sahihi.

Ile siku ya kinyozi

Mbwa aliyemungoja Mont Pèlerin alikuwa jike, jina lake Kiss, neno la Kiingereza lenye maana ya busu. Morris alisikia haya kuita jina lile mbele ya watu, akamubadilishia: akamuita Buddy, yaani rafiki. Jack Humphrey ndiye aliwafundisha wote wawili kwa majuma kadhaa, katika njia za mulimani na katika barabara za Vevey.

Watu wengi wanafikiri mbwa wa kipofu anajua njia yote na anamupeleka mwenye mbwa kama dereva. Haiko hivyo. Mutu ndiye anajua anakokwenda. Yeye anaamuru mbele, kuume ao kushoto. Mbwa anaangalia mashimo, ngazi, miti, gari na watu. Kwenye njiapanda mutu anasikiliza sauti ya magari na kuamua, na kama amekosea, mbwa anakataa kuenda. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote kufundisha: mbwa mwenye utii lazima ajue wakati wa kutotii. Kati yao kunakuwa mukanda wa ngozi wenye mushikio mugumu, na kila mwendo wa mwili wa mbwa unapita hapo na kufika katika mukono wa mutu.

Siku moja Morris alitaka kunyolewa. Kama kawaida yake, alianza kungoja mutu wa kumupeleka. Humphrey alimukumbusha kwamba sasa ana mbwa. Morris akatoka na Buddy, wakashuka mpaka kwa kinyozi, akanyolewa, wakarudi. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake. Tangu alipopofuka, alikuwa anapelekwa kwa kinyozi, anaachwa pale sawa vile kifurushi, na kurudiwa wakati mwenye kumuleta akipata nafasi. Ile siku alikwenda wakati alitaka, na alirudi wakati alimaliza. Kwa mutu mwenye macho, hilo ni jambo dogo. Kwa Morris, lilikuwa uhuru wenyewe.

Mwezi wa sita 1928 walifika New York. Waandishi wa habari walimujaribu avuke West Street, barabara ya bandari iliyojaa magari makubwa na kelele. Buddy alisonga mbele, akasimama, akarudi nyuma kidogo, akasonga tena, na akamufikisha upande wa pili. Morris alimutumia Dorothy telegramu ya neno moja tu, kumujulisha kwamba mambo yamefaulu.

Masomo ya Marekani

Tarehe 29 mwezi wa kwanza 1929, masomo ya The Seeing Eye yalianzishwa rasmi Nashville. Dorothy ndiye alikuwa prezidenti, na feza nyingi za mwanzo zilitoka mufukoni mwake. Wanafunzi wa kwanza, mwezi wa pili wa ule mwaka, walikuwa wawili tu. Mwaka wa 1931 masomo yalihamia jimbo la New Jersey, mahali ambapo joto ni kidogo na mbwa wanafanya kazi bila kuteseka.

Kazi ngumu haikuwa mbwa, ilikuwa kupata wafundishaji. Mutu anayefundisha mbwa lazima afundishe pia kipofu, na hilo linaomba uvumilivu wa miaka. Kwa hiyo Dorothy alifungua Uswisi masomo ya kutayarisha wafundishaji, akayaita L'Œil qui Voit. Mwaka wa 1931 alisaidia kutuma mufundishaji Uingereza, na huko Wallasey vipofu wanne wa kwanza wa inchi ile walipata mbwa wao. Miaka mitatu kisha, Waingereza waliunda shirika lao wenyewe.

Dorothy alikuwa na sheria moja aliyoishikilia kabisa: kipofu si wa kuhurumiwa. Mwanafunzi alipaswa kulipa. Bei iliwekwa dola 150 kwa mbwa wa kwanza, na dola 50 kwa wale wa kisha, na iliwezekana kulipa kidogo kidogo. Feza ile ilikuwa ndogo sana ukilinganisha na gharama ya kufundisha mbwa mumoja. Ingine ilitoka kwa wafadhili. Lakini mutu aliyelipa aliweza kusema mbwa ni wake. Kwa miaka mingi bei hiyo haikupandishwa.

Kulikuwa tena vita ingine, ya milango. Hoteli, restora na treni zilikuwa zinakataa mbwa. Morris na Buddy walizunguka Marekani kuelezea watu. Kufikia mwaka wa 1935 makampuni ya treni yalikuwa yamekubali mbwa wa vipofu wakae pamoja na wenye mbwa. Buddy alikufa mwaka wa 1938. Mbwa wote ambao Morris alipata kisha, aliwaita jina lile lile.

Mutoto wa mbwa katika nyumba ya watu

Lakini mbwa mwenye kuongoza kipofu hazaliwi tayari. Mbwa anayekulia katika kibanda, kati ya mbwa wenzake, hajui ngazi. Hajui mulango unaofungwa kwa nguvu, sauti ya lori, mutoto anayelia, paka anayepita, harufu ya nyama kwenye meza. Siku atakapoona vitu hivyo mara ya kwanza, mutu kipofu anaweza kuwa nyuma yake, katikati ya barabara.

Kwa hiyo mwaka wa 1942 masomo ya The Seeing Eye yaliungana na vikundi vya vijana wa mashambani wa New Jersey vinavyoitwa 4-H. Jina hilo ni la maneno manne: kichwa, moyo, mikono na afya. Wale vijana walikuwa wamezoea kulea ngombe, kuku na kondoo. Sasa walipewa mutoto wa mbwa.

Kazi yao haijabadilika sana. Mutoto wa mbwa anafika nyumbani akiwa na majuma saba ao nane. Familia inamufundisha kwenda chooni nje, kutoruka juu ya watu, kuketi, kulala, kuja akiitwa, kutembea na kamba. Wanamupeleka dukani, kwenye kituo cha treni, katikati ya watu. Hawamufundishi kuongoza kipofu. Hiyo ni kazi ya wafundishaji. Wao wanamupa jambo ambalo mufundishaji hawezi kulipata kisha kama halikuwekwa mapema: kutoogopa dunia, na kupenda kukaa karibu na mutu. Masomo yanasaidia kwa chakula na kwa munganga wa nyama. Mushahara hakuna.

Halafu siku inafika. Mbwa ana mwaka mumoja na miezi kidogo, amezoea kitanda chake, amezoea sauti ya mutoto aliyemulea. Gari ya masomo inakuja kumuchukua. Machozi yanakuwa mengi katika ile siku, hata kwa baba wa nyumba. Mbwa anaenda kufundishwa kwa miezi minne hivi, kisha anakutanishwa na mwenye mbwa wake. Familia nyingi, wakisha kulia, wanaomba mutoto wa mbwa mwingine.

Hapa ndipo historia inageuka. Nashville, watoto walikuwa wanalipwa kuongoza kipofu, siku zao zikipotea barabarani. New Jersey, watoto walitoka masomo na kulea mbwa ili kipofu asihitaji tena kuomba mutoto. Musaada ulibaki wa mutoto, lakini hakuna aliyefungwa kwa mwingine.

Kuachilia

Dorothy mwenyewe alijua kuachilia. Buddy alitoka katika nyumba yake, akamutoa kwa kijana asiyemujua. Feza ya sukari ya baba yake, alizimaliza nyingi katika kazi hii. Mashamba ya Bahati, aliyajenga kwa moyo wake wote, na mwishowe yakafungwa ili nguvu zote ziende kwa vipofu. Mwaka wa 1940 aliacha kiti cha prezidenti, wakati kazi iliweza kuendelea bila yeye. Hakupenda kupigwa picha wala kusifiwa, na watu wengi waliokutana na mbwa wa vipofu barabarani hawakujua jina lake.

Alikufa New York tarehe 8 mwezi wa tisa 1946, akiwa na miaka 60. Miaka kumi kisha, mwaka wa 1956, majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kuruhusu kipofu kuingia na mbwa wake mahali pa watu wote. Leo masomo ya namna hiyo yako katika inchi nyingi za dunia, na mbwa wengine wanafundishwa kusaidia viziwi, ao watu wasioweza kusimama kutoka kwenye kigari. Karibu kila pahali mwanzo ni ule ule: familia moja ya kawaida, mutoto wa mbwa mwenye majuma nane mulangoni, na tarehe ya kumurudisha inayojulikana tangu siku ya kwanza.